Familia ya Bibi 🙏 – hali ya mama mkubwa

Neema: Jamani mama mkubwa tumbo limerudi tena, hapa juu kulia linapita mpaka mgongoni, na leo macho yamekuwa njano kabisa

Shangazi: Poleni wanangu. Mpeni mafuta ya zeituni na ndimu usiku, vijiwe vya nyongo vinatoka mnaviona kabisa chooni

Rehema nesi: Shikamoo shangazi, naomba tusimpe. Vile vya kijani vinavyoonekana chooni ni mafuta yenyewe yameganda tumboni sio mawe. Neema mkojo ukoje, anatetemeka?

Neema: Mkojo kama chai ya rangi, anajikuna mwili mzima, na tangu saa kumi ana homa anatetemeka

Rehema nesi: Basi hospitali SASA. Njano na homa ya kutetemeka ni maambukizi kwenye mrija wa nyongo, yanaingia kwenye damu haraka sana, anahitaji antibayotiki ya mshipa usiku huu huu. Asile kitu

Kaka Hamisi: Natoa gari

Neema: Tumefika. Damu bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo, iko juu. Altrasaundi wameona mawe kwenye mfuko wa nyongo ila kwenye mrija hakuna kitu, kaka anauliza kama turudi nyumbani

Rehema nesi: Msirudi!! Altrasaundi inaona vizuri mawe ya mfukoni lakini lililoshuka kwenye mrija inalikosa mara nyingi, gesi ya utumbo inaziba pale chini. Angalia ripoti kama mrija umepanuka, kawaida hauzidi kama mm 6

Neema: Wameandika mm 11

Rehema nesi: Ndo hapo sasa, umepanuka, inawezekana kuna jiwe limeziba. Ombeni MRCP, ni MRI ya njia za nyongo. Jiwe likionekana wanafanya ERCP, Muhimbili ipo, analazwa usingizi kamera inapita mdomoni mpaka kwenye utumbo wanakata kidogo mlango wa mrija wanalivuta, likigoma wanaacha kamrija ka plastiki nyongo ipite. Kongosho linaweza kuvimba baada ya hapo kwahiyo tumbo likizidi kuuma msinyamaze

Shangazi: Kwahiyo hapasuliwi?

Rehema nesi: Baadaye wanatoa mfuko kwa vitundu vidogo, ukibaki mawe yatashuka tena. Nyongo inatengenezwa na ini shangazi, ataishi vizuri tu

Neema: Dada kuna vile vidonge vyake vya moyo aendelee navyo?

Rehema nesi: Vipige picha utume, na daktari muonyeshe kabla ya yote, kama ni vya kuzuia damu kuganda wakikata pale atatoka damu nyingi