Fedha za korosho, Krismasi na Januari ya shule: tuzigaweje?

Mama wa Masasi ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninaishi Masasi pamoja na mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, na watoto wetu watatu. Mapato yetu ni ya aina mbili: mshahara wake wa kila mwezi, na shamba la mikorosho tuliloachiwa na mkwe wangu upande wa Newala, ambalo katika mwaka mzuri hutupatia karibu kilo 900. Mimi ninafuga kuku wa kienyeji na kuuza mayai, na fedha hiyo ndiyo inayonunua mboga, sabuni na vitu vidogo vidogo vya nyumbani.

Nimeandika sasa hivi, mwezi Juni, kwa sababu mtoto wetu wa kwanza atafanya mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba, na Mungu akijalia ataanza kidato cha kwanza mwezi Januari. Ada katika sekondari za Serikali iliondolewa tangu 2016, na jambo hilo limetusaidia sana wazazi. Hata hivyo sare, viatu, madaftari, mchango wa chakula cha mchana, na godoro na sanduku iwapo atapangiwa bweni, vyote ni juu yetu, na vyote vinatakiwa katika wiki zilezile zinazofuata sikukuu. Mshahara wa Desemba kwa kawaida hutoka kabla ya Krismasi, na kutoka hapo hadi mshahara wa Januari ni safari ndefu kwa nyumba yenye wanafunzi watatu.

Upande wa pili, Krismasi kwetu ni sikukuu ya ukoo mzima. Shemeji zangu huja na watoto wao kutoka Dar es Salaam, na kwa malezi yetu mgeni hapimiwi chakula. Siombi kufundishwa namna ya kuwakwepa, kwa maana ninawapenda na ninataka waje. Ninachoomba ni ushauri wa watu wanaoishi kwa kalenda hii ya korosho kama sisi: fedha ya mnada wa korosho inapoingia kati ya Oktoba na Desemba, nini kitangulie? Sikukuu itegemee korosho au itegemee mshahara? Na fedha inayopaswa kukaa, ikae wapi ili isiguswe?

Mweka Hazina, Nachingwea, amejibu:

Dada yangu, pole na majukumu, na hongera kwa kuuliza mwezi Juni. Wengi huuliza swali hili Desemba, wakati ambapo jibu lililobaki ni mkopo.

Mimi ninatunza hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na ninaona fedha za familia nyingi zikiingia na kutoka. Ukijumlisha mwaka mzima, familia za huku kwetu hazikosi fedha. Shida ni kwamba fedha inaingia kwa mkupuo, halafu mahitaji yanakuja kidogo kidogo kwa miezi tisa inayofuata. Mtu anapopokea milioni mbili Novemba hujiona ana nafasi kubwa, kumbe ndani ya fedha hiyo kuna sare za Januari, kuna palizi, kuna Pasaka na kuna kupulizia mikorosho mwezi wa sita, ila hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokwisha kubisha hodi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza korosho italeta kiasi gani, kaeni wewe na mwalimu mwandike matumizi yote ya mwaka ambayo tarehe yake mnaijua.

Nitakupa mfano, nawe utabadilisha tarakimu kulingana na nyumba yako. Tuseme mahitaji ya shule kwa watoto watatu mwezi Januari ni shilingi 450,000, Krismasi na wageni 350,000, Pasaka 100,000, kazi za shamba 400,000, na michango ya misiba, harusi na unyago wa watoto wa ndugu 200,000. Jumla ni 1,500,000, yaani sawa na 125,000 kwa kila mwezi. Mshahara peke yake ukibebeshwa mzigo huo utaelemewa, na korosho peke yake haziaminiki kwa sababu bei hubadilika. Msisahau kwamba mwezi Oktoba 2024 bei ya mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, ilhali msimu wa kabla yake ilikuwa karibu nusu ya hiyo. Kwa kilo zako 900, tofauti hiyo ni milioni nzima na zaidi, hata kabla ya makato. Ndiyo maana ninashauri mpange kwa bei ya chini. Mpango ukisimama kwa shilingi 2,000, bei ikipanda ziada yote iende kwenye akiba ya dharura au kwenye jambo la kudumu kama bati na tofali.

Kuhusu swali lako la sikukuu itegemee nini, jibu langu ni mshahara, na nina sababu. Malipo ya korosho yanapitia chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, ghala, mnada, kisha akaunti ya benki, na hakuna anayeweza kukuhakikishia siku. Katika msimu wa 2018/2019, minada ilisimama na Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini wakulima wengi walilipwa baada ya sikukuu kupita. Hali hiyo si ya kila mwaka, lakini sikukuu ina tarehe moja tu. Mkitenga shilingi 30,000 katika mshahara wa kila mwezi kuanzia Juni hadi Novemba, mtakuwa na 180,000, ambayo ni zaidi ya nusu ya Krismasi katika mfano wangu. Korosho ziachieni shule na shamba.

Mahali pa kuweka: kikundi ni pazuri kwa akiba ya sikukuu, kwa kuwa kununua hisa kila wiki mbele ya wenzako kunakushikisha adabu ya fedha. Uliza mambo mawili kabla ya kuingia. La kwanza, kikundi kiwe kimesajiliwa, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka hata vikundi vya kijamii visajiliwe, na usajili huo hushughulikiwa na halmashauri. La pili, tarehe ya kuvunja mzunguko, yaani siku wanachama wanapogawana akiba yao. Vikundi vingi huvunja katikati ya Desemba, na fedha huingia mikononi wakati kila mtu yuko dukani na bei zimepanda. Sisi tulihamisha siku ya mgao hadi mwisho wa Novemba, na akina mama wananunua mchele na mafuta bila kugombania. Fedha ya shule na ya shamba isikae kwenye kikundi. Iacheni benki, katika akaunti ya pili isiyo na kadi, ili kuitoa kuwe na safari na foleni.

Mkulima wa Newala amejibu:

Mwanangu, mweka hazina ameeleza vizuri upande wa hesabu. Mimi nitasema upande wa shamba, kwa sababu bajeti ya nyumba yako inaanzia kwenye mti.

Mwezi huu wa sita ndio wa kupambana na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaoshambulia maua na majani machanga ya mikorosho. Salfa ya ruzuku mtakuwa mmeipata kupitia chama chenu, lakini salfa haijipulizii yenyewe. Kuna kukodi mashine, kuna petroli, kuna vijana wa kazi, na palizi chini ya miti. Familia nyingi hukwama hapa hapa, kwa kuwa fedha ya Novemba imekwisha na mnada uko mbali. Ndipo anapokuja mtu wa kangomba na noti mkononi, anakupa fedha leo kwa ahadi ya kilo zako za Oktoba, kwa bei anayoitaja yeye. Kangomba imepigwa marufuku na kila mtu anajua hivyo, lakini mwenye shida husaini. Mama anayeuza kilo 200 kwa namna hiyo Juni ameiuza Krismasi ya wanawe kabla ua halijafunguka. Ninalisema kwa uchungu kwa sababu ninaliona kila mwaka katika kijiji changu. Kwa hiyo ile 400,000 ya shamba iliyotajwa hapo juu ihesabiwe kuwa deni la kwanza la fedha ya korosho, itengwe siku ile ile malipo yanapoingia, hata kabla ya sare.

Jambo lingine ni kuwahi kuokota. Korosho zinazoanguka Septemba na Oktoba, zikiokotwa kila siku na kuanikwa vizuri kwa siku mbili tatu, huingia daraja la kwanza na kuwahi minada ya mwanzo. Zile zinazoachwa chini hadi mvua za Desemba zikazinyeshea huharibika rangi na kushushwa daraja, na malipo yake yanakuja mkiwa tayari mnatafuta viatu vya shule. Mwalimu yuko kazini na shamba liko mbali, kwa hiyo wekeni mtu wa kuokota tangu siku za kwanza na mlipeni kwa wakati.

Mwisho, hao kuku wako. Vifaranga watakaototolewa sasa watafikia kuchinjwa kufika Krismasi, maana kuku wa kienyeji anataka miezi mitano au sita. Tenga majogoo kumi tangu sasa, uwape chanjo ya kideri na kuirudia kila baada ya miezi mitatu, na usiuze hata mmoja. Ugonjwa huo ukiingia bandani wakati wa kiangazi hausazi kitu. Kwa majogoo kumi, shemeji zako watakula vizuri na hutapeleka fedha ya nyama buchani.

Binti Mikindani amejibu:

Dada, mimi ni Mwislamu na sikukuu yangu ni Idi, lakini hesabu ni ile ile, na pengine kwetu ni ngumu zaidi, kwa sababu Idi husogea nyuma karibu siku 11 kila mwaka. Kwa miaka hii imeangukia miezi ambayo korosho zimekwisha na ufuta haujavunwa. Hali hiyo imenifundisha kununua vitu badala ya kutunza noti.

Mimi ni fundi cherehani. Vitambaa vya nguo za watoto nunua Agosti, ukipata fedha ya mayai au ya mbaazi, na umpelekee fundi wako Oktoba. Desemba mafundi wote wa mji huu na wa kwenu huelemewa, bei ya kushona hupanda, na mtoto anaweza kwenda ibadani na nguo isiyokwisha kupindwa. Sare za shule vivyo hivyo: za hao wawili walio shule ya msingi rangi yake unaijua, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri Januari. Ya kidato cha kwanza pekee ndiyo isubiri mpaka mjue shule aliyopangiwa.

Kuhusu wageni, ninatofautiana kidogo na wenzangu, ambao wameuchukulia mzigo wote kuwa ni wako. Shemeji zako wanatoka Dar es Salaam na wana kipato. Mume wako, kwa nafasi yake ya kaka, awapigie simu mwezi Oktoba na kuwaambia kwa upole kwamba nyumbani kuna kuku na unga wa kutosha, na kwamba mwaka huu wao walete mchele na mafuta ya kupikia. Ndugu wa kweli hatakasirika akiambiwa mapema. Huona vibaya akifika na kukuta mmekopa kwa ajili yake. Na mkopo wenyewe wa siku hizi, hii ya kausha damu, ni hatari: ukichukua 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, baada ya mwezi mmoja unadaiwa 240,000, na mwezi huo ni Januari.

Mama wa Masasi amejibu:

Baba wa Newala, shikamoo. Dada wa Mikindani na mweka hazina, ninawashukuru kutoka moyoni. Nimemsomea mume wangu majibu yote jioni hii, na tumekubaliana juu ya mambo mengi kuliko nilivyotarajia. Tutaanza na 30,000 ya mshahara wa mwezi huu. Majogoo nimeshayahesabu, yako saba, na kuku wawili wanaatamia. Simu ya kwa shemeji amesema ataipiga yeye mwenyewe, na ameona ni heri iwe Septemba kuliko Oktoba, kwa sababu mdogo wake hupanga likizo mapema.

Jambo moja limetushinda kuamua. Kikundi cha mtaani kwetu kilianza mzunguko Januari. Wanatuambia tunaweza kuingia sasa tukilipia hisa za miezi iliyopita, na fedha hiyo ndiyo tuliyoiweka kwa ajili ya kupulizia mikorosho. Tuingie?

Mweka Hazina, Nachingwea, amejibu:

Hapana, dada. Pulizieni mikorosho kwanza. Ile 30,000 iwekeni benki, kwenye hiyo akaunti ya pili, hadi Novemba, na mwombeni mwenyekiti awaandikie nafasi katika mzunguko mpya. Mkiingia mwanzoni mwa mwaka, waulizeni siku hiyo hiyo kuhusu kusogeza tarehe ya mgao, kwa kuwa katiba ya kikundi hurekebishwa kwa urahisi zaidi kabla hisa ya kwanza haijanunuliwa.