Ulinganisho: jina la tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi, Chang'ombe Dodoma

NondoMilimita12
Wakuu, habari za jioni. Duka la vifaa vya ujenzi liko Chang'ombe hapa Dodoma: saruji, nondo, mabati, rangi, mabomba. Wateja wengi wanajenga Iyumbu, Nala na Ihumwa, na huuliza bei kwa simu kabla ya kutuma kirikuu kuchukua mzigo. Jina tulilosajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, lina maneno Chang'ombe na Hardware. Nimetafuta, haya yako wazi:

1. changombehardware.com
2. chang-ombe-hardware.co.tz
3. vifaadodoma.co.tz
4. kenchi.co.tz

Bajeti ni ya jina moja, yakizidi sana mawili. Lipi, na kwa nini?

SevaYaMtaa
Namba 2 ifute sasa hivi. Kikoa, au domeini kama wengi tunavyosema, kinapokea herufi a hadi z, tarakimu na kistari tu, na sehemu moja kati ya nukta na nukta haizidi herufi 63. Apostrofi haimo. Kwa hiyo Chang'ombe lazima igeuke "changombe", na kistari hakikuokoi: kwenye simu utasema "chang, kistari, ombe", na wengine wataweka mstari wa chini, ambao haukubaliki kabisa.

Namba 1 ina shida mbili. Chang'ombe ipo pia Temeke, Dar es Salaam, tena ndiyo inayojulikana zaidi. Mtu wa Ihumwa akiliona jina hilo atapiga hesabu ya nauli kutoka Dar kisha afunge ukurasa. Halafu hardware: tunatamka "hadiwea", tunaandika hadware, harware, hardwear. Jina zima lina herufi 17, nane kati yake ni za neno ambalo mteja wako hana uhakika nalo. Kila anayekosea anaangukia ukurasa mtupu, au kwa mshindani aliyewahi kusajili kosa hilo.

Kipimo rahisi: wapigie watu watano simu, litamke jina mara moja, kisha waambie wakutumie kwa meseji walivyoliandika. Wawili wakikosea, achana nalo.

MamaZege
Mimi niko na kenchi. Herufi sita, kila fundi analijua, hutamki mara mbili. vifaadodoma ni maelezo, si jina. Kesho mwingine anasajili vifaavyadodoma, keshokutwa dodomavifaa, na huna cha kumdai kwa sababu maneno yote mawili ni ya kila mtu.

KibaoChaKizota
@MamaZege kenchi ni paa. Anayetafuta mabomba au saruji ya msingi hafiki huko. Lingekuwa duka la mbao na mabati, ningekuunga mkono.

Upande wa maandishi ya rangi: kikoa hakibagui herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo ubavuni mwa kirikuu andika VifaaDodoma.co.tz, jicho linakata maneno lenyewe. Acha www na https, zinakula nafasi. Na angalieni maneno yanapogusana kabla hamjapaka rangi. "Samani imara" ikiunganishwa inakuwa samaniimara, i mbili, watu huandika moja. "Area D" mbele ya neno lolote ni balaa: areadmabati, utasoma nini hapo?

SevaYaMtaa
Hoja ya MamaZege ni ya kweli kwa biashara inayotaka kwenda mikoa kumi. Kwa duka ambalo mteja wake yuko ndani ya kilomita ishirini, jina linalotaja kitu na mji linajieleza lenyewe. Lakini msitegemee kwamba neno "vifaa" ndani ya kikoa litawapandisha Google. Bei zilizo hai na eneo la duka kwenye ramani vina uzito kuliko hilo.

Kuhusu mkia: .co.tz ni ya biashara na iko chini ya .tz yetu, inayosimamiwa hapa nchini. Google inaichukulia kama dalili kwamba tovuti inalenga Tanzania. .com haibebi dalili hiyo, ila ndiyo ambayo vidole vya watu vimeizoea. Ukiweza mawili, chukua .co.tz iwe kuu na .com uielekeze kwake kwa 301, yaani amri ya kudumu inayompeleka mgeni kwenye anwani nyingine. Usiweke tovuti ileile kwenye yote mawili, maana injini ya utafutaji itaona nakala na kuchagua yenyewe ipi ya kuonyesha.

.or.tz, .go.tz, .ac.tz na .sc.tz zina wenyewe: mashirika yasiyo ya biashara, serikali, vyuo, shule. Na zile za bure za .tk na .ml, usajili wake ulisimama mwaka 2023. Anayekupa ushauri wa kuzitumia amechelewa.

Mhasibu_Makole
Mnazungumza jina, mimi naangalia risiti. Msiangalie bei ya mwaka wa kwanza. Bei ya jumla (si ya rejareja) ya .com kwa wasajili, yaani kampuni zinazotuuzia vikoa, ilifika dola 10.26 Septemba 2024, kwa hiyo anayekuuzia kwa dola 1 anakula hasara leo ili airudishe mwaka wa pili. Uliza mambo matatu kabla ya kulipa: kuhuisha ni kiasi gani, kuhama kwa msajili mwingine kukoje, na kuficha taarifa zako kunalipiwa au la. Wasajili wa hapa wengi wanapokea malipo ya simu. Wa nje wanataka kadi, na kadi ikiisha muda wake, kuhuisha kwa moja kwa moja kunagoma kimyakimya.

Kubwa zaidi: mmiliki ni nani? Fundi wa tovuti akijiandika yeye kwenye nafasi ya mmiliki, kikoa ni chake hata kama risiti ya malipo unayo wewe. Jina la biashara yako liwe la mmiliki. Fundi abaki kwenye nafasi ya mtu wa ufundi. Nywila ya akaunti ya msajili ikae kwako. Na baruapepe ya mmiliki isiwe ya kikoa chenyewe. Kikoa kikiisha muda, baruapepe hiyo inakufa nacho, na taarifa ya kukukumbusha ulipe inatumwa kwenye sanduku lililokufa.

MamaZege
Hapo kwenye baruapepe umegonga. Ongeza: kwa .com, usipothibitisha anwani yako ya baruapepe ndani ya siku 15 tangu usajili, kikoa kinasimamishwa. Watu hudhani ujumbe wa kuthibitisha ni wa matapeli, wanaufuta.

NondoMilimita12
Asanteni. Naenda na vifaadodoma.co.tz, na .com yake ikiwa bado wazi. Maswali mawili: kikoa kikipitiliza tarehe ya kulipa inakuwaje? Na baruapepe kama mauzo@ inahitaji nini?

Mhasibu_Makole
Kwa .com, baada ya kuisha muda msajili anaweza kukupa hadi siku 45 za kulipa bei ya kawaida, lakini si lazima akupe zote. Akikifuta, kuna siku 30 za kukikomboa kwa faini nzito, kisha siku 5 za mwisho, kisha yeyote anakichukua. .co.tz ina utaratibu wake, uliza msajili akupe kwa maandishi. Lipia miaka miwili au mitatu mara moja, yaishe mawazo.

SevaYaMtaa
Baruapepe inahitaji rekodi tatu, yaani mistari ya mipangilio ya kikoa: MX inayoonyesha seva inayopokea, SPF inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma, na DKIM ya saini inayothibitisha ujumbe umetoka kwako. Bila mbili za mwisho, ankara zako zitatua kwenye taka (spam). SPF iwe moja tu. Ukiongeza huduma ya pili, iunganishe kwenye mstari uleule, kwa sababu zikiwa mbili zote zinahesabiwa batili.

Na siku ukihamisha tovuti kwenda seva za majina nyingine (zile zinazotunza rekodi za kikoa), nakili rekodi zote huko kwanza, hasa MX. Wengi wanahamisha tovuti, inafunguka vizuri, wanafurahi, kisha siku ya tatu mtu anauliza mbona oda hazijibiwi. Usifute akaunti ya zamani kabla saa 48 hazijapita.

KibaoChaKizota
Mkuu, kibao usichore mpaka kikoa kiwe kimelipiwa na kinafunguka kwenye simu ya mtu mwingine, kwa bando lake, si kwa waifai ya dukani.