Naomba ushauri: kujumlisha orodha zilizo ndani ya orodha kwenye Python

Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma, naandika programu ya kutunza mavuno ya zabibu ya wakulima wa Hombolo. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, hivyo nina orodha mbili, na kila mkulima ana orodha yake ndogo ya kilo:

a = [[120, 80], [50, 90]]
b = [[30, 40], [60, 10]]

Nataka nipate [[150, 120], [110, 100]]. Nikiandika a + b, Python inaziunganisha tu, zinakuwa orodha ndogo nne. Hii imekubali:

[[p + q for p, q in zip(x, y)] for x, y in zip(a, b)]

Shida ni pale mkulima anapochuma mara tatu msimu mmoja na mara mbili msimu mwingine. zip, inayooanisha vitu vya orodha mbili kimoja kimoja, inaishia kwenye orodha fupi, kilo za mwisho zinapotea kimyakimya, na hayo ni malipo ya mtu! Nimeona strict=True, inayoifanya zip itoe kosa urefu ukitofautiana, lakini inahitaji Python 3.10 kwenda juu, na kompyuta ya ofisini ina toleo la zamani. Je, nitumie zip_longest (inayofika hadi mwisho wa orodha ndefu) nikijaza sifuri, au kuna njia salama zaidi? Numpy (maktaba ya hesabu ya Python) naona inataka safu zenye urefu sawa.