Naomba ushauri: kuhamia Dodoma tukitarajia mapacha

Ndugu wanachama, habari zenu. Nimepata uhamisho wa kikazi kutoka Dar es Salaam kuja Dodoma, na mke wangu ana ujauzito wa mapacha wa wiki 27. Mkunga ameruhusu safari mradi tusichelewe, kwa kuwa mapacha mara nyingi huzaliwa kabla ya wiki ya 37, hivyo tumechagua treni ya SGR ili aweze kunyoosha miguu njiani. Kinachotutatiza ni makazi. Dalali anatuonyesha nyumba Nkuhungu, lakini mimi ningependa tuwe karibu na Hospitali ya Benjamin Mkapa, maana usiku wa uchungu si wakati wa kuhangaikia usafiri. Je, Iyumbu, upande wa hospitali hiyo, maji yanapatikana kwa uhakika? Na kadi yake ya kliniki inatosha kumpokea hospitalini hapo, au tuje na barua ya rufaa?