Kamisheni katika spa: saa za kumsubiri mteja analipa nani?

Mchua Misuli:
Ndugu wanajukwaa, nimepewa mkataba na spa moja unaosema kwamba nimejiajiri, na kwamba nitalipwa kamisheni ya asilimia 40 kwa kila huduma, bila mshahara wa msingi. Hata hivyo ninatakiwa kuwapo kwa muda wa saa 8 kila siku, kuvaa sare yao na kufua taulo wakati hakuna mteja, huku gharama ya mafuta ya kuchulia ikikatwa kwenye malipo yangu. Nidai nini kabla ya kutia saini?

Mtunza Hesabu:
Uliza kwanza ni asilimia 40 ya nini. Huduma ya 100 inakupa 40. Lakini mteja akija na vocha ya nusu bei, na kamisheni ikakokotolewa kwa fedha iliyopokelewa, utapata 20 kwa kazi ileile, ilhali punguzo hilo hukuliamua wewe. Kisha kipato cha siku ukigawanye kwa saa 8, si kwa saa ulizochua tu: wateja watatu wa bei kamili ni 120, yaani 15 kwa saa, kabla ya kukatwa mafuta. Kiasi hicho ndicho cha kulinganisha na kima cha chini cha mshahara.

Msoma Sheria:
Jina lililoandikwa kwenye mkataba halimalizi hoja. Pendekezo Na. 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linataka uhusiano wa ajira upimwe kwa namna kazi inavyofanyika hasa, na miongoni mwa dalili zake ni kupangiwa saa na mahali pa kazi. Kuhusu mafuta, Mkataba Na. 95 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1949, unaruhusu makato ya mshahara kwa masharti yaliyowekwa na sheria ya nchi, makubaliano ya pamoja kati ya wafanyakazi na mwajiri, au uamuzi wa usuluhishi tu. Kwa hiyo, katika nchi iliyouridhia, mwajiri hajikatii apendavyo.

Mkandaji Mkongwe:
Mimi siipingi kamisheni, kwani mwenye wateja wake wa kudumu huweza kupata zaidi ya mwenye mshahara. Ninachokiogopa ni kupangiwa wateja mfululizo, kwa sababu dole gumba, kifundo cha mkono na kiuno ndivyo vinavyochoka mapema, na anayelipwa kwa kamisheni pekee akiumia hana kipato. Dai malipo ya msingi kwa saa za kusubiri, hata yakiwa madogo, pamoja na muda wa kupumzika kati ya mteja na mteja. Wakikataa yote mawili, basi walau wakuruhusu kuondoka pasipo na miadi. Aliyejiajiri hafulii mtu taulo bure.