MJADALA: Picha za kale za mji zimwagwe mtandaoni sasa, au zisubiri maelezo yake?

Mleta mada
Wadau, najua hoja hii itawaudhi baadhi yenu. Hifadhi za nyaraka za miji zina picha za kale tele makabatini, na shinikizo ni lile lile kila mahali: skani, pandisha, wananchi waone. Mimi nasema picha ya mtaa isiyo na maelezo yake isipandishwe. Sisemi ifichwe, atakayekuja kuiomba aonyeshwe. Lakini isirushwe peke yake, maana ikisharushwa hairudi. Itanakiliwa, itapewa tarehe ya kubuni, na baada ya muda tarehe hiyo ya kubuni ndiyo itakayonukuliwa.

Chukueni picha maarufu ya Louis Daguerre, Mfaransa aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, ya mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, mwaka 1838. Unaona barabara pana, miti, majengo, na karibu hakuna mtu. Anayeonekana wazi ni mmoja tu pembeni, kasimama anang'arishiwa viatu. Asiyejua ataandika kwamba mtaa ule ulikuwa mtulivu. Kumbe ulikuwa umejaa watu na magari ya farasi. Bamba la kupigia picha lilihitaji dakika kadhaa kunasa mwanga, hivyo kila aliyekuwa akitembea akafutika, akabaki yule aliyetulia. Tena mabamba ya aina ile yalitoa picha kama ya kwenye kioo, kulia kukawa kushoto. Unayetafuta nyumba ya babu wa babu yako upande fulani wa barabara unaweza kuikuta upande wa pili.

Picha haijadanganya hapo. Ila haiwezi kukuambia lolote kati ya hayo yenyewe. Kuna aliyeandika ilipigwaje, wapi na lini.

Msaka Mitaa
Mkuu, hapo nakupinga. Hayo maelezo unayoyasubiri hayaji. Ofisi ina watumishi wachache, makasha yamejaa mpaka darini, na bajeti ya mwaka ujao ni ndogo kuliko ya mwaka huu. Wanaojua picha ni za wapi hawako ofisini, wako nje, na wengi ni wazee. Maktaba ya bunge la Marekani, Library of Congress, iliweka maelfu ya picha zake kwenye Flickr, tovuti ya kushirikiana picha, Januari 2008. Watu wa kawaida wakaanza kutaja majengo, matukio, hata siku yenyewe, na maktaba ikahakiki na kurekebisha kumbukumbu zake. Ukisubiri rejista ikamilike, utaipandisha picha siku ambayo hakuna aliye hai wa kuitambua.

Mleta mada
Huo mfano unanisaidia mimi. Library of Congress hawakumwaga. Kila picha ilikwenda na namba yake na kichwa chake, na nyingi zilikuwa za shirika la habari ambalo lilikwangua maneno kwenye negativu zenyewe. Umma ulikuwa na pa kuanzia, na mtumishi alikuwepo wa kupima nani kasema kweli.

Nikupe kazi iliyofanywa vizuri zaidi. Kati ya 1939 na 1941, jiji la New York lilipiga picha karibu kila jengo kwa ajili ya kodi ya majengo, kwenye maeneo yake yote matano. Mbele ya jengo kiliwekwa kibao chenye namba ya kitalu na namba ya kiwanja, kikaingia ndani ya picha. Leo unaichukua ile namba, unaipeleka kwenye daftari la kodi, kutoka hapo kwenye hati ya umiliki, kisha kwenye kibali cha ujenzi. Picha ni mbovu ukiitazama kama sanaa: imepinda, mara mtoto anachungulia, mara gari limeziba mlango. Lakini kwa mtafiti inashinda albamu nzima ya picha nzuri zilizoandikwa "mtaa wa zamani".

Kabati la Chini
Nafanya kazi kwenye hifadhi, ipi tuiache. Ngoja niwaambie kinachotokea mkikazania haraka. Tuliletewa mkandarasi wa kuskani, malipo kwa idadi ya picha. Akaskani mbele tu. Nyuma ya picha kulikuwa na mhuri wa studio na namba ya penseli. Bahasha nayo ilikuwa na namba hiyo hiyo pamoja na maneno kama "upande wa mashariki, kabla ya kuvunjwa". Namba ile ndiyo iliyokuwa ikikupeleka kwenye daftari la mpiga picha, lenye tarehe na jina la aliyelipa. Bahasha zilionekana takataka, zikatupwa. Sasa tuna mafaili safi kabisa ya kompyuta ambayo hayaelekei kokote.

Kwa hiyo mimi siko upande wa "subiri" wala wa "mwaga". Skani nyuma. Skani bahasha. Ni picha mbili za ziada kwa kila moja, na wanaotoa fedha hawataki kuzilipia kwa sababu hazipendezi kwenye ripoti.

Fundi Rangi
Jamani mnazeesha mambo. Mimi nazitia rangi kwa akili unde, vijana wanazipenda, wanaanza kuuliza historia ya mji. Ubaya uko wapi?

Mleta mada
Ubaya ni kwamba programu inabahatisha rangi. Mabamba ya karne ya 19 yalinasa zaidi mwanga wa buluu. Nyekundu hayakuiona kabisa. Ndiyo maana mbingu za picha zile ni nyeupe tupu, na kitambaa chekundu hutoka cheusi. Ukuta uliopakwa buluu na ukuta wa chokaa vinaweza kufanana. Programu inaona kijivu, inachagua rangi iliyozoea. Tia rangi upendavyo, ila andika juu ya picha yenyewe kwamba imetiwa rangi, si kwenye maelezo ya chini ambayo mtu wa kwanza kunakili atayaacha.

Mtu wa Rejista
Nawasoma tu, lakini naona mnaiheshimu mno karatasi. Chicago ilibadilisha namba za nyumba mwaka 1909, na za katikati ya jiji mwaka 1911. Ukichukua anwani ya mwaka 1900 ukaenda nayo barabarani leo, utasimama mbele ya jengo lisilohusika. Vitabu vya anwani vilikusanywa mapema, vikachapishwa watu wengine wameshahama, na mpangaji wa chumba cha nyuma mara nyingi hakuandikwa. Rejista nazo huungua. Mei 1871, Hôtel de Ville, yaani jumba la halmashauri ya jiji la Paris, ilipoteketea, iliondoka na rejista za vizazi, ndoa na vifo za kabla ya 1860. Nakala ya pili iliungua kwenye jengo la mahakama siku zile zile. Zilizorudishwa kwa kukusanya karatasi za familia na za wanasheria ni karibu theluthi moja.

Na kuna swali hamjaligusa: nani aliagiza picha? Mpiga picha Thomas Annan alipiga vichochoro vya Glasgow, Scotland, kati ya 1868 na 1871 kwa ajili ya chombo cha jiji kilichokuwa kinataka kuvibomoa. Mwenzake Charles Marville alipiga mitaa ya Paris miaka ya 1860, akilipwa na jiji lililokuwa linaivunja. Maelezo mnayoyadai yaliandikwa na ofisi hizo hizo. Wakazi hawakuulizwa.

Mleta mada
Ndiyo sababu nayataka, ndugu. Ukikuta vichochoro vya Annan bila jina la aliyelipa, utadhani ni huruma ya msanii. Ukijua mlipaji ni nani, unaanza kuuliza kwa nini mpiga picha alisimama pale na si kwenye mtaa wa pili. Rejista ikiwa na upendeleo, upendeleo huo nao ni ushahidi.

Jirani Mwema
Na picha za wagonjwa, wafungwa, watoto wa vituo vya kulelea? Kumbukumbu za sensa ya Marekani hufungwa kwa umma miaka 72, za Uingereza 100. Picha hazina kinga kama hiyo. Kwangu hizo zibaki ndani, na sibishani na mtu.

Msaka Mitaa
Kwa hizo nakubali. Lakini mleta mada hajanijibu kuhusu zile zilizokwisha kupoteza kila kitu. Nina kadi ya posta ya mtaa mmoja wa Marekani, haina stempu, haina jina la mpiga picha. Kwa sheria yako haitaonekana milele?

Kabati la Chini
Igeuze. Nyuma imegawanywa kwa mstari, ujumbe upande mmoja na anwani upande mwingine? Basi kadi haikuchapishwa kabla ya 1907, ndipo Marekani ilipoanza kuruhusu hivyo. Andika "kadi: 1907 au baadaye, picha: haijulikani, huenda ni ya zamani zaidi", maana wachapaji walitumia negativu za miaka ya nyuma. Kisha tafuta ramani za bima ya moto za Sanborn. Zilionyesha kila jengo, waridi kwa matofali na njano kwa mbao. Tafuta toleo lenye jengo linaloonekana kwenye kadi yako na toleo ambalo halina, upate picha ilipigwa kati ya miaka ipi. Ukishapata matoleo hayo mawili, ipandishe. Pande zote mbili, tafadhali.