Mnayemjua kanidhalilisha mbele ya boneti iliyo wazi na watu wote wamesikia

Spana Iliyopotea (mleta uzi)

Wakuu sina muda wa salamu leo. Nimejifungia chumbani, chaji imebaki kidogo, mikono inatetemeka hadi herufi zinakosewa na sirekebishi.

Kuna mtu. Mnamjua. Nimeshamsifia humu mpaka baadhi yenu mkaniblock, ndiye huyo huyo, sina haja ya kumtaja na akipita hapa atajijua, apite tu.

Leo tulikuwa kwenye mkusanyiko wa wapenda magari, watu wameegesha mstari, maboneti juu, kila mtu anasifia cha kwake. Sisi na S14 yetu, Nissan Silvia. Nasema "yetu" kwa ustaarabu tu, ila mnajua ni nani aliyeleta magari kwenye haya mapenzi. Huyu mtu nilimkuta hajui Silvia wala 180SX, mimi ndiye niliyemkalisha chini nikamwelekeza, ile yenye taa zinazolala na kuamka na mlango wa nyuma wa kunyanyua ni 180, yenye taa za kawaida na buti ni Silvia, huko chini ni ndugu wa tumbo moja. Mimi. Nimemfundisha kumwaga oili, nimemfundisha kushika tochi, na kushika tochi ni fani jamani, wengine hapa tumekua tukifokewa kwa sababu ya tochi.

Basi akaja kijana mmoja, mdogo mdogo, ana adabu zake, akaniuliza kaka hii mashine ina mkanda au cheni, yaani ile ya ndani ya injini inayozungusha valvu zikiendana na pistoni. Kaniuliza MIMI. Nikaweka mkono kiunoni, nikakohoa kidogo, nikamwambia mdogo wangu hii ni mkanda, muda wake ukifika unaubadilisha pamoja na pampu ya maji, ukizembea unakatika, pistoni zinakutana na valvu, unalia. Nimeongea vizuri wakuu, mpaka watu wakaanza kusogea wasikilize.

Huyu mtu alikuwa ameinama upande wa pili anachungulia bomba la turbo. Hakunyanyua kichwa. Hakunitazama. Akasema tu, kwa sauti ile ya mtu anayekujulisha kamba ya kiatu imefunguka:

"Ni cheni hiyo, bebi."

Wakuu. Kimya. Nilisikia feni ya gari la mtu mwingine kabisa inajizima. Halafu kicheko, na sio kile cha kuziba mdomo, watu walikuwa wanashikana mabega, kuna mzee mmoja alikaa chini juu ya tairi na naamini mpaka saa hii hajanyanyuliwa. Yule kijana mwenye adabu akanizunguka, kapita mbele ya kifua changu, kaenda upande wake: "Dada, na hii cheni huwa inadumu?" Mimi nimebaki nimeshikilia boneti, na boneti yenyewe ina fimbo yake ya kuiegemeza.

Na akajibu! Kwa raha zake zote! Eti hii injini ya SR20 cheni yake haina tarehe ya kubadilisha kama mkanda, ila tensiona, kile kinachokaza cheni, inasukumwa na presha ya oili, kwa hiyo usichelewe kumwaga oili, na asubuhi ukiwasha ikichakacha sekunde kadhaa anza kumshuku tensiona. Akamwonyesha na kidole. Toka hapo maswali yote anaulizwa yeye. Kuna mtu alinipa mimi nimshikie chupa ya maji.

Sasa sizungumzii cheni. Cheni sio mada, atakayekuja hapa kuniambia SR20 ina cheni namripoti. Mada ni kwamba njia ziko elfu. Ungeweza kunivuta pembeni. Ungeweza kunikanyaga. Ungeweza kusubiri tufike nyumbani. Ungeweza kumwacha yule kijana aende na mkanda wake, nani angekufa? Hana hata gari yule, alikuja kwa miguu!

Kurudi kaendesha yeye. Anatoka gia ya pili kwenda ya tatu gari haishtuki hata kidogo, anapiga mluzi. MLUZI. Namuuliza vipi, anasema hamna. Namuuliza tena, anasema "kwani bado unaiwaza ile cheni?"

Ni cheni hiyo, bebi. Bila kunyanyua kichwa. Angalau angenyanyua kichwa!!

Ushauri sitaki. Mlaanini tu.

Kipima Oili

SR20 ina cheni mkuu.

Spana Iliyopotea

Nimekuripoti.

Boneti Wazi

Nimesoma mpaka chini natafuta sehemu uliyodhalilishwa, sijaiona. Ulikuwa unampotosha mtoto wa watu na shemeji kamwokoa. Chupa ya maji uliishika vizuri lakini?

Gia ya Nyuma

Yaani ameinama, anakagua turbo, akakusahihisha bila kuacha kazi aliyokuwa anafanya. Mkuu hapo fundi ni yeye, wewe ni abiria mwenye maoni.

Spana Iliyopotea

Kadi ya gari ina jina langu.

Gia ya Nyuma

Basi kadi yako, mkanda wako, cheni ya shemeji. Mmegawana vizuri.

Mzee wa Kabureta

Vijana mna kelele. Mtu kaumia hapa. Na tumtendee haki, S13 za mwanzo, Silvia iliyotangulia S14, zile za 1988, zilitoka na injini ya CA18, lita 1.8, na CA18 ni mkanda kweli. SR20 ya lita 2 iliingia 1991. Inawezekana kabisa hiyo ndiyo aliyokuwa nayo kichwani.

Spana Iliyopotea

ASANTE MZEE WANGU. Hicho ndicho nilichokuwa namaanisha. CA18. Haya, mods fungeni uzi, nimeshinda.

Kipima Oili

Uzi usifungwe. Gari umesema ni S14. S14 imetoka 1993 na haijawahi kutoka kiwandani na CA18. Hata zile zilizouzwa Marekani zilikuwa na injini ya KA24, na KA24 nayo ni cheni. Kwenye S14 kokote ungegeukia ungekutana na cheni.

Spana Iliyopotea

Nimekuripoti tena.

Mama Klachi

Huyo dada apewe maua yake. Nyie wanaume mnataka mwenza anayependa magari ila apende chini yenu kidogo. Asome, lakini asifike kurasa ulizoruka wewe.

Mwaka 1888 Bertha Benz kaamka alfajiri, kachukua gari ya mumewe Karl, aliyeibuni, bila kumwambia, kapakia watoto wawili wa kiume, katoka Mannheim mpaka Pforzheim, zaidi ya kilomita 100 kwenye barabara za farasi. Mafuta kanunua famasi. Bomba la mafuta limeziba, kalizibua kwa pini ya kofia. Waya umechubuka, kaufunga na kile kimkanda cha kushikilia soksi. Breki za mbao zimelika, kapita kwa fundi viatu kapigiliwa ngozi. Mumewe alikuwa na hataza ya hiyo gari toka 1886 na watu wanaiangalia kwa mbali, mama ndiye aliyeitoa barabarani dunia ikaiona. Karl hakujifungia chumbani kuandika uzi.

Spana Iliyopotea

Kwa hiyo mkanda ulikuwepo.

Mama Klachi

Wewe una shida. Ile gari ilikuwa na mkanda NA cheni. Mkanda unatoa nguvu kwenye injini, cheni zinazungusha magurudumu. Na njiani kilichohitaji mhunzi ni cheni.

Spana Iliyopotea

Wakuu mmesoma wenyewe. Cheni ndiyo iliyosumbua. Mkanda ulifika salama.

Na huyo Bertha aliondoka Karl kalala. Kalala! Hakumsubiri asimame mbele ya umati ndio amwambie. Heshima ndiyo hiyo.

Mama Klachi

Aliporudi alimwambia wazi kwamba gari inashindwa milima, inataka gia nyingine. Akaongeza gia. Hakununa.

Saa 24

Mnalia na cheni? Sikieni ya kwangu. Wangu mimi mambo yake ni Le Mans. Mbio za magari za saa 24 kule Ufaransa, jua lizame lichomoze, na sisi tunapangiana zamu za kutazama. Yeye akilala mimi nikae macho, gari ya usalama ikiingia nimwamshe. Nikimwambia nimechoka anasema kule kila gari ina madereva watatu, sisi wawili tunajitahidi sana. Safari moja nilisinzia. Alipoamka gari anayoishabikia iko gereji, fenda ya mbele haipo, hajui imegonga nini na hakuna wa kumwambia. Alinyamaza. Akachukua karatasi ya zamu, akaandika jina langu, akalizungushia duara. Hiyo karatasi bado iko ukutani.

Boneti Wazi

Duara 😂😂😂 hapo kwa kweli ulistahili.

Gia ya Nyuma

Bora nyie, wangu anapenda magari ila mguu wa kushoto umehamia kwenye klachi. Barabara nyoofu, gia ya tano, mguu uko juu ya klachi umepumzika. Nikisema anajibu "sijaikanyaga, nimeiwekea mguu tu." Beringi ya klachi haijui hiyo tofauti.

Mama Klachi

Nani kakufundisha wewe kumwangalia mtu miguu akiendesha?

Rota Mbili

Naomba nafasi, kwa sababu yangu ya leo leo na bado mbichi.

Nina gari ya rotari, injini isiyo na pistoni, ndani zinazunguka rota. Wenye rotari wenzangu wameshaguna. Mpenzi wangu anaipenda, anaiosha, anaisifia mlio wake kwa wageni, sina neno. Jana usiku anataka kutoa gari yake, ya kwangu imeziba njia. Hakutaka kunisumbua, roho nzuri. Kaiwasha, kaisogeza mita tano, kaizima. YA BARIDI. Asubuhi napiga ufunguo inazunguka tu, haiwaki, harufu ya petroli mpaka kwenye viti. Chemba zimefurika.

Nimemweleza taratibu kwamba hii ukishaiwasha unaiacha ipate moto ndio unazima. Kaniangalia kwa huruma kabisa, kaniuliza: "Gari gani hiyo isiyotaka kuzimwa?"

Sina jibu. Toka asubuhi nalitafuta.

Mzee wa Kabureta

Hilo swali hata Wankel mwenyewe, aliyebuni rotari, angeliomba lirudiwe.

Kipima Oili

Plagi umezitoa? Ziko nne hizo, mbili kila rota.

Rota Mbili

Bado. Naogopa kuanza halafu aje kusaidia.

Boneti Wazi

Mliotaja mkanda na cheni mnajua kuna injini mpya ndogo za silinda tatu mkanda umewekwa NDANI ya oili? Unaogelea humo. Ukianza kumeguka vipande vinaenda kuziba kichujio cha pampu ya oili. Mtu aliyekaa mezani akaamua hivyo naye ana mwenza nyumbani na mwenza akamwangalia akanyamaza.

Saa 24

Angekuwa shemeji wa mleta uzi angemwambia. Bila kunyanyua kichwa.

Spana Iliyopotea

Jamani turudi kwenye mada. Kuna maendeleo. Kaja kugonga mlango.

Gia ya Nyuma

Kaomba radhi?

Spana Iliyopotea

Kauliza spana namba kumi iko wapi. Anafungua kava ya juu aikague cheni, tena kasema nikitaka nitoke nikashike tochi.

TOCHI. Mimi. Fani yangu mwenyewe.

Boneti Wazi

Umempa hiyo namba kumi?

Spana Iliyopotea

Haipo.

Mzee wa Kabureta

Namba kumi haijawahi kuwepo kwa mtu yeyote. Nane ipo, kumi na mbili ipo, kumi unanunua unaiona siku hiyo hiyo tu.

Saa 24

Ya kwangu ilianguka ndani ya injini nikaisikia ikigonga mara tatu ikishuka na haikufika chini. Gari bado natembelea.

Mama Klachi

Mimi ninayo. Simwazimi mtu, hata niliyezaa naye.

Gia ya Nyuma

Mama Klachi weka picha yenye tarehe, bila hivyo ni chai.

Rota Mbili

Nimezitoa tatu. Zimelowa chapachapa. Ya nne mkono haufiki.

Kipima Oili

Tumia ekstensheni, usiilazimishe utaua uzi wa plagi. Na kabla hujaizungusha hiyo injini chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, la sivyo unaijaza upya. Ukishazikausha na kuzirudisha, piga ufunguo umekanyaga akselereta mpaka chini, inakata petroli.

Spana Iliyopotea

Wakuu mimi bado nipo. Nimetoka nje. Kanipa tochi, kaniambia isogee kushoto. Hakunyanyua kichwa TENA.

Kipima Oili

Mkuu ngoja kwanza. Rota, ya nne imetoka?